UCHAMBUZI: Kibarua cha mashirika, asilimia 5 ya KRA na pesa ambazo vijana wa Garissa hawazidai

KILA mwaka ifikapo Juni, saiba za Garissa hujaa vijana. Mtu anaingia, anataja PIN na neno la siri, anampa mhudumu pesa kidogo, na baada ya dakika tano anatoka na karatasi inayosema kwamba mwaka mzima uliopita hakupata hata senti. Hiyo ndiyo ripoti ya sufuri, ile tuliyozoea kuiita "nili". Roho inatulia. KRA haitamsumbua hadi mwaka ujao, ama ndivyo anavyodhani.

Shida ni kwamba wengi wao walipata pesa. Walikusanya data Dadaab kwa wiki tatu, wakatafsiri Kisomali kwa watafiti waliotoka Nairobi, wakaendesha mafunzo Wajir ama wakasimamia ugavi wa chakula Mandera. Walilipwa kama washauri wa muda, na kabla pesa haijafika kwenye simu ama benki, shirika lilikata asilimia 5 na kuipeleka kwa KRA. Kwa hivyo KRA inajua. Ina PIN, kiasi na tarehe. Kijana anaposema "sufuri", anabishana na rekodi iliyo ndani ya akaunti yake mwenyewe ya iTax.

Zamani kubishana huko kulipita bila mtu kuuliza. Sasa mambo yamebadilika. Mwishoni mwa 2025, KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zinazojazwa kwenye ripoti zitalinganishwa na ankara za eTIMS, rekodi za ushuru uliokatwa na rekodi za forodha. Ripoti ya mapato ya mwaka 2025, ambayo makataa yake ni Juni 30, ndiyo ya kwanza kupitia chujio hilo.

Wengi wakisikia hivyo wanafikiria adhabu tu. Lakini kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi kwenye foleni ya saiba. Kwa kijana wa kipato cha chini, ripoti ya sufuri haimfichi kwa KRA. Inaiachia KRA pesa ambazo ni zake. Na ukishaelewa hesabu hiyo, ndipo unaweza kujibu swali ambalo kila mwenye kazi za mkataba hujiuliza: nifanye kazi kwa jina langu, nisajili jina la biashara, ama nifungue kampuni?

Kwa nini ni swali la kwetu

Tangu kambi za Dadaab zianzishwe mwaka 1991, mashirika ya misaada yamekuwa miongoni mwa waajiri wakubwa Garissa, pamoja na serikali ya kaunti na biashara ya mifugo. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huo, shughuli za USAID zilikuwa zimefungwa. Mashirika yaliyotegemea pesa hizo yalipunguza wafanyakazi.

Kazi haikuisha yote, lakini inayobaki mara nyingi huja kwa vipande. Badala ya ajira ya mwaka yenye mshahara na NSSF, unapewa mkataba wa siku 15 ama wa miezi miwili. Leo una kazi Ifo, mwezi ujao huna, mwezi wa tatu unaitwa Hagadera. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 kwa lengo la kugeuza kambi kuwa makazi yanayohudumia wakimbizi na wenyeji pamoja, unatarajiwa kuleta kandarasi nyingine. Kijana wa hapa atazidi kuwa mtu anayejiajiri, apende asipende.

Kisha kuna suala la kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupata kitambulisho, na wengine walikwama kabisa kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye orodha ya wakimbizi. Bila kitambulisho hupati PIN, na bila PIN hulipwi na shirika lolote linalofuata sheria. Njia ya mkato ikawa kutumia PIN ya binamu. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kuondolewa kwa msasa huo. Kwa hivyo wapo vijana wanaopata PIN yao ya kwanza sasa, na huu ndio wakati wa kuanza vizuri. Ukilipwa kwa PIN ya binamu, mapato yanahesabiwa kuwa ya binamu, na ushuru uliokatwa unaingia kwake. Akiulizwa atajibu yeye. Na kama kuna pesa za kurudishwa, zitarudi kwake.

Asilimia 5 si mwisho wa hesabu

Sheria ya Ushuru wa Mapato inamtaka anayelipa mkazi wa Kenya ada ya ushauri, kazi ya kitaalamu, usimamizi ama mafunzo akate asilimia 5, malipo yakifika Sh24,000 ama zaidi kwa mwezi. Kwa kazi za ujenzi anakata asilimia 3. Huo ndio ushuru wa zuio. Watu wengi hudhani ukishakatwa umemaliza. La. Hayo ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka unajumlisha mapato yote, unatoa gharama zinazokubalika, unapiga ushuru halisi, kisha unaondoa kile ulichokatwa. Salio linaweza kuwa deni lako kwa KRA ama deni la KRA kwako.

Viwango vya mtu binafsi tangu Julai 2023 ni hivi: Sh288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na kuanzia hapo hadi Sh6 milioni ni asilimia 30. Juu ya hizo kuna viwango vya asilimia 32.5 na 35 kwa wenye mapato makubwa. Kisha kila mkazi anapunguziwa Sh28,800 kwa mwaka, yaani Sh2,400 kwa mwezi.

Tuchukue msichana wa Bula Iftin aliyekusanya data miezi mitano ya 2025 kwa Sh40,000 kila mwezi. Jumla ni Sh200,000. Amekatwa Sh2,000 mara tano, yaani Sh10,000. Ushuru wake halisi ni asilimia 10 ya Sh200,000, ambayo ni Sh20,000. Ukitoa punguzo la Sh28,800, hadaiwi kitu. Zile Sh10,000 zote ni zake. Akijaza ripoti ya kweli, anaziomba zirudishwe. Akijaza sufuri, amesema hakufanya kazi na hakukatwa kitu, na pesa zinabaki zilipo.

Sasa linganisha na jirani yake aliyeajiriwa kwa Sh24,000 kwa mwezi. Ushuru wa mshahara wake ni Sh2,400, punguzo ni Sh2,400, kwa hivyo hakatwi hata shilingi ya ushuru huo. Lakini mwenye mkataba wa ushauri anayelipwa Sh24,000 hizo hizo anakatwa Sh1,200 kila mwezi. Akifanya kazi mwaka mzima amekatwa Sh14,400 ilhali ushuru wake halisi ni sufuri. Watu wawili, kipato kimoja, mmoja anaikopesha serikali bila riba.

Mpaka uko wapi? Kama huna gharama za kutoa, mapato ya Sh360,000 kwa mwaka, wastani wa Sh30,000 kwa mwezi, ndipo mizani inapolingana: ushuru halisi ni Sh18,000 na asilimia 5 uliyokatwa pia ni Sh18,000. Chini ya hapo KRA ndiyo inayodaiwa. Juu ya hapo unadaiwa wewe, na hapo kujaza sufuri ni hatari kwelikweli.

Mfano: umepata Sh600,000. Umekatwa Sh30,000 na ukajiona umelipa. Ushuru halisi baada ya punguzo ni Sh88,600. Bado unadaiwa Sh58,600. Salio hilo linafaa kulipwa kufikia Aprili 30, si Juni 30. Tarehe ya Juni ni ya kuwasilisha ripoti. Ukichelewa kulipa, kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ukichelewa kuwasilisha ripoti yenyewe, ni Sh2,000 ama asilimia 5 ya ushuru, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.

Kinachoweza kukuokoa ni gharama. Kama katika Sh600,000 hizo ulitumia Sh150,000 kukodi gari, kununua bando za data na kurekebisha kompyuta ya kazi, unatozwa kwa Sh450,000 tu. Ushuru unashuka hadi Sh43,600, na ukiondoa Sh30,000 ulizokatwa, salio ni Sh13,600. Tofauti ni Sh45,000. Lakini tangu Januari 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS ndipo ikubaliwe. Mwenye Probox aliyekupeleka Dagahaley labda hajawahi kusikia neno hilo. Hapo kuna afueni: tangu mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, ukinunua kutoka kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka, wewe mnunuzi ndiye unayetoa ankara kwa niaba yake kupitia mfumo huo. Chukua PIN yake siku ile ile ya safari. Ukingoja Juni, hata nambari yake ya simu hutakuwa nayo.

Jina lako, jina la biashara ama Limited?

Mtaani kuna imani kwamba mtu mwenye "Limited" ndiye amefika. Kadi ya biashara inang'aa, muhuri upo, jina limepambwa. Lakini mbele ya ushuru jina halina cheo. Kuna mfumo unaofaa mapato yako na kuna usiofaa.

Ukifanya kazi kwa jina lako, PIN ni ile ile, viwango ni vile vya kuanzia asilimia 10, na punguzo la Sh28,800 ni lako. Ukisajili jina la biashara kupitia eCitizen, kikodi hakuna kilichobadilika. Biashara ni wewe na wewe ni biashara. Unachopata ni jina la kuandika kwenye akaunti ya benki, leseni ya kaunti na zabuni. Unachokosa ni kinga. Biashara ikidaiwa, anayedaiwa ni wewe, na mali yako inaweza kufuatwa.

Wakiwa wawili ama watatu, wanaweza kusajili ubia. Huu ndio mtindo wetu wa asili, ndugu na marafiki wakichanga mtaji. Ubia wenyewe hautozwi ushuru wa mapato. Unawasilisha ripoti, kisha kila mshirika anatozwa kwa fungu lake na kwa viwango vyake. Kwa vijana watatu wanaogawana faida ya Sh600,000 sawasawa, kila mmoja ana Sh200,000, na kama hana mapato mengine, hakuna anayedaiwa ushuru wa mapato. Ila muandikiane. Makubaliano ya mdomo hufanya kazi vizuri hadi siku pesa inapokuwa nyingi ama inapopotea.

Kampuni ni kiumbe kingine mbele ya sheria. Ina PIN yake, madeni yake na ushuru wake, ambao ni asilimia 30 ya faida kuanzia shilingi ya kwanza. Haina kiwango cha asilimia 10 wala punguzo la binafsi. Rudi kwenye zile Sh600,000 bila gharama. Kwa jina lako ushuru ulikuwa Sh88,600. Zikipitia kampuni, ushuru ni Sh180,000. Kisha ukitaka kuzitoa Sh420,000 zilizobaki kama gawio, unakatwa asilimia 5 nyingine, Sh21,000. Jumla Sh201,000, zaidi ya mara mbili.

Mtu atasema: si nijilipe mshahara kutoka kwa kampuni ili faida ipungue? Inawezekana, na wengi hufanya hivyo kihalali. Lakini sasa wewe ni mwajiri. Kila mwezi unawasilisha PAYE, NSSF, SHIF na ada ya nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri, na wote wawili ni wewe. Unahitaji mhasibu. Kampuni ikichelewesha ripoti yake ya ushuru, adhabu ni Sh20,000 ama asilimia 5 ya ushuru, kiasi kilicho kikubwa, hata kama haikufanya biashara yoyote mwaka huo. Na Msajili wa Kampuni naye anataka ripoti yake ya kila mwaka. Ukifungua kampuni kwa sababu ya zabuni moja, ukaikosa na ukaisahau, inaendelea kuzaa madeni ikiwa imelala.

Basi kampuni ni ya nani? Ni ya wale ambao hatari ya kazi ni kubwa kuliko gharama ya makaratasi. Kama una lori la kusambaza maji wakati wa ukame na linaweza kugonga mtu barabarani, kama mnachimba visima kwa mkopo, kama mna wenye mtaji ambao hawafanyi kazi pamoja nanyi, kinga ya kampuni ina thamani. Pia zabuni kubwa zina masharti ambayo mtu mmoja hawezi kuyatimiza. Lakini usiambiwe kwamba bila Limited huwezi kupata zabuni ya serikali. Mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, unapokea hata jina la biashara la mtu mmoja, na cheti chake hakilipiwi. Kwa vijana, sharti ni uwe na umri wa miaka 18 hadi 35. Wakiwa kundi, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na uongozi wote uwe wa vijana.

Ukiuza bidhaa, hesabu inageuka

Hadi hapa tumezungumzia wanaouza ujuzi wao. Wanaouza bidhaa wana mlango mwingine: ushuru wa mauzo ghafi, ule unaojulikana kama TOT. Ukiuza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ada za ushauri na za kitaalamu haziingii humo, kwa hivyo mkusanyaji data asidanganywe kwamba TOT ni yake.

TOT ni rahisi kuhesabu, lakini si nafuu kwa kila mtu, kwa sababu haiulizi kama umepata faida. Tuseme umeuza mbuzi 250 kwa Sh8,000 kila mmoja katika soko la mifugo. Mauzo ni Sh2 milioni. Baada ya kununua, kusafirisha na kulipa dalali, unabaki na Sh400 kwa kila mbuzi, jumla Sh100,000. TOT ni Sh60,000. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda. Chini ya ushuru wa kawaida, Sh100,000 zingetozwa Sh10,000, punguzo likazimeza zote, na ungelipa sufuri halali.

Mwenzako mwenye duka la kurekebisha simu na kuchapisha karatasi naye ana mauzo ya Sh2 milioni, lakini faida yake ni Sh800,000. Kwa TOT analipa Sh60,000 zile zile. Kwa ushuru wa kawaida angelipa Sh148,600. Kwake TOT ni baraka.

Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki TOT na ungependa kutozwa kwa faida. Lakini ukichagua hivyo lazima uweze kuonyesha faida yako, yaani ankara za ununuzi, usafiri na kila kitu. Mwenye faida nyembamba ndiye anayehitaji daftari zaidi, na mara nyingi ndiye asiyekuwa nalo. Mauzo yakivuka Sh5 milioni kwa mwaka, kuna VAT pia, kama bidhaa ama huduma yako inatozwa VAT.

Neno moja kuhusu ayuuto, chama chetu cha mzunguko. Pesa unazopokea zamu yako ikifika ni akiba yako, si mapato. Vivyo hivyo pesa ambazo kaka aliye ng'ambo ametuma kwa ajili ya karo. Lakini KRA ikikagua mtu, huwa inatazama pesa zilizoingia benki, na ni wewe wa kueleza zilitoka wapi. Andika: nani, lini, kwa nini.

Kwani wewe ni mkandarasi kweli?

Kabla ya kuchagua mfumo wowote, jiulize kama kweli umejiajiri. Kama unaingia ofisini saa mbili asubuhi kila siku, unatumia gari na kompyuta yao, unaomba ruhusa ya likizo kwa meneja na mkataba wako unahuishwa kila mwezi kwa mwaka mzima, basi neno "mshauri" kwenye karatasi halitoshi. Mahakama hutazama kazi yenyewe kuliko jina lililoandikwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, pia inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja ama zaidi anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki zinazoambatana na ajira hiyo.

Tofauti si ya maneno. Mwajiriwa ana mwajiri anayechangia NSSF na ada ya nyumba, na ana likizo na notisi. Aliyejiajiri hubeba mwenyewe. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 ya mapato ghafi hata kwa asiye na mshahara, tangu sheria ya Machi 2024. SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isipungue Sh300 kwa mwezi, na kwa aliyejiajiri hutakiwa kwa mwaka mzima kwa mpigo.

Kwa hivyo unapoambiwa siku ni Sh3,000 kwa siku 20, usione Sh60,000. Ondoa Sh3,000 za zuio, Sh900 za nyumba na takriban Sh1,650 za SHIF. Unabaki na Sh54,450 kabla ya nauli, bando na ushuru utakaobaki mwisho wa mwaka. Kisha kumbuka miezi ambayo hakuna kazi. Bei ya siku ya mtu aliyejiajiri haiwezi kulingana na mshahara wa siku wa mwajiriwa. Ukikubali sawa, umejipunguzia mwenyewe.

Wanaopaswa kubadilika

Ni rahisi kuwaambia vijana wajaze ripoti vizuri na kuishia hapo. Lakini mfumo nao una kasoro. KRA tayari ina rekodi ya kila ushuru uliokatwa. Kama mashine inaweza kulinganisha ripoti ili kumnasa anayeficha, mashine hiyo hiyo inaweza kumwambia msichana wa Bula Iftin kwamba ana Sh10,000 zake. Kwa sasa lazima aombe mwenyewe kwenye iTax, athibitishe vyeti na asubiri. Kikomo cha Sh24,000 kwa mwezi nacho kinamnasa mtu ambaye kwa mwaka mzima hafikii hata kiwango cha kulipa. Kikomo cha mwaka kingemfaa zaidi mwenye kazi ya msimu.

Mashirika nayo yana wajibu. Kukata asilimia 5 ni kazi nusu. Sheria inayataka yawasilishe pesa hizo ndani ya siku tano za kazi, na cheti kimfikie aliyekatwa. Ofisi ikikata na isiwasilishe, kijana amepoteza mara mbili: hana pesa na hana ushahidi. Dai cheti mkataba ukiisha, ukiwa bado unajua meneja yuko wapi.

Na kwa yule ambaye tayari amejaza sufuri miaka ya nyuma, mlango haujafungwa. Sheria inaruhusu kurekebisha ripoti, na kuomba ushuru uliolipwa kupita kiasi, ndani ya miaka mitano. Ingia iTax, tafuta vyeti vya ushuru uliokatwa kwa PIN yako, jumlisha kwa kila mwaka, kisha piga hesabu ile ya juu. Kama utata umezidi, nenda Huduma Centre na kitambulisho chako na orodha yako mkononi. Kama hesabu inaonyesha unadaiwa, ni afadhali uijue wewe kwanza kabla ya barua kufika.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa vijana wetu wanaoishi kwa mikataba ya wiki mbili, daftari hilo si lazima liwe kampuni wala muhuri wala ofisi yenye bango. Ni kurasa chache zenye tarehe, aliyelipa, kiasi, kilichokatwa na kilichotumika. Mwenye kurasa hizo akienda saiba Juni hii, hatakuwa na sababu ya kujaza sufuri.